Mkono Nilioacha Kuubusu

Mimi ni mkaaji wa Likoni, mke wa mvuvi, na kwa miaka kadhaa sasa ni msaidizi wa kisheria mtaani kwetu. Natoa ushuhuda huu kwa sababu kuna watu wengi Likoni, Kisauni na Changamwe waliopigwa na askari, wakaambiwa wanyamaze, nao wakanyamaza. Nyumbani kwangu pia tulinyamaza. Leo sinyamazi tena, na nataka kueleza kilichonibadilisha ili anayeogopa ajue kwamba njia ipo.

Wakwe zangu asili yao ni Pemba. Wazee wao walivuka kufuata samaki kabla Kenya haijapata uhuru, wakaoa, wakazaa na wakazikwa pwani hii hii. Hata hivyo mume wangu, aliyezaliwa hapa, aliingia utu uzima bila kitambulisho, kwani kila alipokwenda kukiomba aliambiwa si Mkenya. Gari la polisi likisimama usiku, wenzake walionyesha vitambulisho wakapita. Yeye alitoa pesa. Siku hana pesa, alilala ndani. Siku alipouliza kosa lake, alipigwa.

Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani hapa Likoni siku ya Jumapili, wakaua waumini. Ulikuwa msiba wetu sote, Waislamu kwa Wakristo. Baada yake serikali ilianzisha msako mkubwa ulioitwa Usalama Watch. Kule Eastleigh, Nairobi, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Huku kwetu nako jina, ndevu au lafudhi vilitosha kukufanya mshukiwa.

Siku hizo mume wangu alirudi asubuhi moja kutoka kituo ambacho sitakitaja, mkono wa kulia umevimba kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Alikuwa amejikinga nao kichwa marungu yalipomshukia. Nilimkanda kwa maji ya chumvi. Hospitali hatukwenda, maana daktari angeuliza. Kwa muda mrefu hakuweza kuinua dema kutoka majini, na chakula chetu kikawa cha kukopa. Mama mkwe aliniketisha akaniambia, "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu." Alisema kwa mapenzi, ndivyo yeye alivyoishi na ndivyo alivyowalea watoto wake wakafika ukubwani. Tukaubusu.

Kilichonitikisa ni hukumu niliyoisikia redioni Februari 2016. Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14, alikuwa amepigwa risasi nyumbani kwao Kinango, Kwale, Agosti 2014, polisi walipokwenda usiku kumtafuta jamaa yake. Polisi walisema aliwakabili kwa panga. Familia haikukubali. Mwili ulifukuliwa, madaktari wakauchunguza, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikafuatilia. Mahakama Kuu ya Mombasa ikawapata maafisa wawili na hatia ya kuua bila kukusudia, kila mmoja akahukumiwa miaka 7. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya hatia kupatikana kutokana na uchunguzi wa IPOA.

Kinango ni kwetu. Nilijiuliza: watu wa kijijini, wasio na mkubwa wanayemjua serikalini, wamefikaje mbele ya jaji na kusikilizwa? Jibu nililipata nilipojiunga na mafunzo ya wasaidizi wa kisheria. Nilikwenda kwa woga, kwa sababu mwaka mmoja kabla, 2015, serikali ilikuwa imefunga akaunti za benki za MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya haki ya hapa Mombasa, ikiyahusisha na ugaidi, hadi Mahakama Kuu iliposema hakuna ushahidi wa hayo. Nikawaza, kama wao walikwenda mahakamani wakashinda, basi sheria inaweza kumsimamia hata aliyeshukiwa.

Mafunzoni nilijua kwamba mengi niliyodhani ni hisani ya askari ni wajibu wake. Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiisha wakati mahakama zimefungwa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, inamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Akiwa na sare, lazima jina au nambari yake ionekane wazi. Akimuua mtu au kumjeruhi vibaya, mkubwa wake anapaswa kuiarifu IPOA mara moja. Wala hawezi kujitetea kwamba aliamrishwa. Niliyasoma haya nikiukumbuka ule mkono uliovimba, nikalia. Sheria ilikuwapo tangu 2011. Nyumbani kwetu ilikuwa haijafika.

Tangu hapo nimewasindikiza wengi. Wengine walikuja baada ya Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya corona, polisi walipowarushia vitoa machozi na kuwapiga virungu abiria waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni warudi makwao, saa kadhaa kabla ya kafyu kuanza. Siku ile sote tuliona kwamba rungu haliulizi kitambulisho. Likizoea mgongo wa mgeni, litafika na kwa mwenyeji.

Nitaeleza kisa kimoja. Kijana Msomali, fundi cherehani wa Kisauni, mwenye karatasi za ukimbizi, alipigwa akielekea nyumbani, sikio likachanika. Nilimpeleka hospitali kwanza. Shati lake lenye damu tuliliweka ndani ya bahasha ya khaki bila kulifua, nikaandika juu yake tarehe na saa. Kisha tukaenda kituoni. Askari wa zamu akaniuliza, "Mama, huyu mkimbizi amekuja kuandikisha nini?"

Nikamjibu, "Afande, haki ya kutopigwa ni ya kila aliye nchini, raia kwa mgeni. Naomba nambari ya OB."

Akasema turudi kesho. Nikamwambia tutangoja. Tulikaa kwenye benchi hadi zamu ikabadilika. Askari wa kike aliyeingia akasoma barua ya daktari, akalitazama lile sikio, akafungua kitabu cha matukio, ile OB, na kuandika bila kutuuliza zaidi. Alitupa nambari na fomu ya P3, ambayo daktari hujaza majeraha. Siwezi kumsahau, kwa kuwa alinionyesha kwamba askari wanaofanya kazi yao kwa haki wapo, na wao pia wanachafuliwa na wale wanaopiga.

Malalamiko tuliyafikisha IPOA, mashahidi wakaandikisha maelezo. Kesi bado haijafika kortini, na sitamdanganya mtu kwamba njia hii ni fupi. Wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wao mwaka 2016, na wauaji, polisi wakiwamo, hawakupewa adhabu hadi 2023. Hata hivyo yule kijana aliniambia neno lililonipa nguvu: kwa mara ya kwanza, aliyeulizwa maswali hakuwa yeye aliyepigwa.

Kuna majirani wanaonilaumu. Wanasema vijana wa mapanga wametutesa Kisauni na Likoni, waacheni polisi wawanyooshe. Nami nimeporwa, najua uchungu huo. Lakini kipigo hakimtambui mwizi. Ungamo lililotolewa kwa kipigo huanguka mahakamani, na mwenye hatia hurudi mtaani. Tena, mtaa unaomwogopa askari haumwambii nani anaficha mapanga. Anayetaka usalama wa kweli ana sababu ya kwanza ya kutaka askari awajibike.

Mwaka 2023 serikali iliwatambua Wapemba kuwa raia wa Kenya, na mume wangu akapata kitambulisho. Tulifurahi mno. Lakini nasisitiza kwake na kwa watoto wetu: kadi hiyo ni ya uraia, si risiti ya kutopigwa. Ambaye bado hana, Msomali, Mrundi au Mkongo anayehangaika Changamwe, mwili wake una heshima ile ile.

Basi nakuomba wewe uliyepigwa, au uliyeona mwenzako akipigwa. Andika saa, mahali, nambari ya gari na jina lililo kifuani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, utunze barua ya daktari na nguo zako. Dai nambari ya OB, kisha upeleke malalamiko IPOA, kwa maandishi au kwa mdomo. Wakikwambia urudi kesho, mwite jirani, imamu, mchungaji au msaidizi wa kisheria akae nawe. Usiende peke yako.