Makala ya kulisha udongo: safari yetu ya Walungu



Juma hili tulitoka Bukavu tukaenda Walungu, kuona namna wamama wa huko wanavyoponya mashamba yao. Udongo wa kule ni mwekundu na mchachu. Mvua za miaka mingi zimeosha nguvu yake, na maharagi yanadumaa hata ukilima vizuri.

Dawa yao inaitwa biochari. Ni makala, lakini si ya kupikia. Wanachimba shimo pana juu, jembamba chini, na kuwasha moto mdogo ndani. Wanatupia mabua makavu ya mahindi na vijiti vya mihogo. Jivu jeupe likianza kuonekana, wanaongeza tabaka lingine. Moto wa juu unazuia hewa isifike chini, basi chini panabaki makala, si jivu. Shimo likijaa, wanazima kwa maji mengi. Hakuna mti uliokatwa.

Makala hayo hayatiwi shambani peke yake, kwa sababu kwanza yananyonya chakula cha mimea. Wanayaponda, wanayachanganya na mbolea ya ng'ombe, wanangoja wiki 2 au zaidi. Kisha vitundu vyake vidogo vinashika maji na mbolea, na uchachu unapungua. Huko Amazon, nchini Brazili, watu wa kale walitia makala na takataka za jikoni udongoni. Mpaka leo udongo ule ni mweusi na una rutuba.

Tuliuliza: mbona shamba kubwa la mlimani halijatiwa? Mama mmoja akatujibu: «Lile ni la bwasa.» Tukaelewa. Biochari inakaa udongoni mamia ya miaka, lakini bwasa ni ya msimu. Mama akiliponya shamba, mwenyewe anaweza kulichukua likiwa limenona. Kwa hiyo yeye anaanzia kwenye bustani ya nyuma ya nyumba.

Nasi tufanye hivyo. Tutie biochari kwenye tuta moja la lengalenga, tuache jingine bila kitu, tulinganishe. Kwa mashamba ya kukodi, kikundi kikae kwanza na mwenye shamba, wapatane misimu kadhaa, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Asiyejua kuandika aje shuleni kwetu, tutaandika pamoja. Jasho la mama lisinenepeshe shamba la mwingine bure.