Winga Niliyemfunga Kwenye Chaki

Nafundisha vijana mpira Kisongo, kwenye uwanja wa vumbi ambako ndege ndogo za watalii hupita chini zikielekea kutua. Kwa muda mrefu niliharibu mawinga.

Sheria yangu ilikuwa moja: winga abaki kwenye chaki, yaani mstari wa pembeni. Amsubiri beki, amtoke, afike karibu na kibendera, apige krosi. Akiingia ndani bila mpira, namtoa. Nilikua nikisikia wazee wakimsifu Edibily Lunyamila, winga wa Yanga ya miaka ya 1990, nami nikashika habari za chenga tu.

Ndiyo maana Simon Msuva, naye winga wa Yanga, alinikera. Niliwaambia vijana kwamba yule ana mbio tu. Msimu wa 2014/15 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, winga huyo! Nikasema kabahatisha. Msimu wa 2016/17 akafunga 14, akalingana kileleni na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Mwaka 2017 akaenda Difaâ El Jadida ya Morocco, baadaye Wydad Casablanca, na mimi bado niko na filimbi yangu na sheria yangu.

Nilikuja kufumbuka macho nilipoanza kumtazama wakati hana mpira. Mpira ukiwa upande wa pili, beki wake lazima ageuze shingo kuuangalia. Hapo hapo Msuva anahama: anaacha chaki, anapita mgongoni mwa beki, anatokea nguzo ya mbali. Beki hawezi kuangalia mpira na mtu aliye nyuma yake kwa pamoja. Mbio nilizozidharau zinamfikisha, lakini bao linatokana na kujua aanze lini kukimbia. Januari 2024, kwenye AFCON kule Ivory Coast, mwenzake wa timu ya taifa, Mbwana Samatta, alimpasia akawafunga Zambia dakika ya 11. Vijana wangu walirukaruka. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa namkumbuka mtu.

Alikuwa winga wangu wa kulia, mtoto wa wafugaji, na mbinu hiyo aliifanya bila kufundishwa na yeyote. Mechi moja alifunga hivyo hivyo, tukaongoza, na wakati wa mapumziko nikamtoa kwa kosa la kuacha nafasi yake. Baadaye nikamrudisha beki ili ajifunze nidhamu. Akaacha kuja mazoezini. Nikawaambia wenzake hana moyo wa mpira. Hilo linaniuma kuliko kumtoa: nilimsingizia, nao wakaamini kwa sababu limesemwa na kocha.

Sisemi angekuwa Msuva. Wanaofika Casablanca ni wachache mno. Huenda hata ligi ya mkoa ingemshinda. Lakini ilikuwa haki yake ashindwe mwenyewe, siyo nimshindie mimi.

Juzi juzi nilimkuta mnadani, ameshika mbuzi wa kuuza. Nikamweleza yote, pamoja na niliyoyasema nyuma yake. Alisikiliza huku akipatana bei na mteja, kisha akauliza mawinga wangu wa sasa wanachezaje. Nikamwambia siku hizi wanaruhusiwa kuingia ndani.

"Na wakiingia, kocha, pale pembeni anabaki nani? Beki wako anapanda?"

Kusema kweli, beki nilikuwa bado namkataza kuvuka mstari wa kati.