Zawadi kwa Aliyekushika Mkono Wodini

Vijana wetu wauguzi wameniuliza: nimpe nini sista aliyenifundisha kazi?

Kama bado hajatia sahihi kitabu chako cha tathmini, ngoja kwanza. Zawadi ya mapema hufanana na hongo, nawe utamtia majaribuni.

Akishasaini, usikope ili uonekane. Saa ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde itamfaa akihesabu mapigo ya moyo, maana mikono yake huoshwa kutwa.

Huna pesa? Mwandikie barua. Taja siku alipokuelekeza kutafuta mshipa bila kukuaibisha mbele ya mgonjwa.

Wenye ukoma kumi walitakaswa. Mmoja alirudi, na hatusomi kwamba alibeba kitu. Alibeba shukrani.

Wewe nawe rudi.