Ua la ndoo ya mama

Basi bwana, Jumamosi iliyopita nilikuwa na safari. Si ya Ulaya, wala ya Zanzibar kula urojo Forodhani. Ni safari ya daladala tu, kutoka kwetu Sinza hadi kwa wale wauza maua wa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Nauli yake ndogo, lakini mzigo niliokuwa nao moyoni, mpenzi msomaji, haukuwa mdogo.

Mama yangu anataka kurudi Lushoto.

Nilimleta Dar mwaka jana baada ya mzee kufariki. Mguu wake wa kushoto mbovu, presha inapanda na kushuka, na kule nyumbani hakuna wa kumchotea maji. Hapa ana mimi, ana dada yangu, ana mjukuu wa miaka miwili. Halalamiki hata siku moja. Asubuhi anatoa kigoda, anakaa barazani, anaangalia ukuta wa jirani mpaka jioni. Sasa majuzi nikakuta kafunga begi, kaliweka nyuma ya mlango.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa sina hata kitu cha kuamkia."

Nikaelewa. Kule Lushoto kaizungushia nyumba maua, kwenye makopo ya mafuta na sufuria zilizotoboka. Anayapenda hasa yale ya buluu yanayojikusanya kama mpira. Niliwahi kumletea mche mmoja na basi, nimeupakata kama mtoto mchanga. Haukumaliza wiki tatu. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku Dar mwezi wa Februari jua linapita nyuzi 30. Ua likanyauka kama limepigwa pasi. Mama hakusema neno, ila kopo alilitupa mwenyewe.

Kwa hiyo safari hii nilikwenda kununua akili kwanza, ua baadaye.

Ukifika pale, hata kama una madeni utasahau kidogo. Miche imepangwa kwenye viriba vyeusi, mstari kwa mstari, vyungu vya udongo vimepandiana, na magari yanapita hatua chache tu toka kwenye waridi. Vumbi la barabara linakaa juu ya majani, kijana anapita na mpira wa maji, majani yanang'aa tena. Mimi macho yakaenda moja kwa moja kwenye ua jekundu linaloitwa waridi la jangwani. Shina limenenepa chini kama chupa, maua juu kama tarumbeta. Nikamwita mwenyewe, mzee mmoja aliyevaa kofia ya kiua.

"Shikamoo mzee. Hili bei gani?"

"Marahaba kijana. Bei ngoja kwanza. Nyumbani kuna mtoto?"

Nikamwambia yupo, na kila kitu anatia mdomoni. Mzee akatikisa kichwa. Kumbe utomvu wa ua lile ni sumu. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi wanapaka sumu ya jamii hiyo ya mti kwenye mishale ya kuwindia. Nikarudi nyuma hatua mbili. Nikaonyesha vinka, yale ya waridi na meupe yanayochanua mwaka mzima. Nayo sumu ikiliwa, japo dawa za kutibu saratani zinatengenezwa humo humo. Haya, haibiskasi je? Hiyo salama, lakini kwenye ndoo inataka maji kila siku wakati wa joto. Kwetu bomba linatoka likijisikia, na mama hawezi kubeba dumu.

Mzee akaniuliza maswali matatu. Jua linapiga saa ngapi? Chombo kikubwa kiasi gani? Nani atamwagilia? Nikajibu: kuanzia saa sita mpaka jioni, ndoo ya lita 20 iliyopasuka ukingo, na mama mgonjwa wa mguu.

"Basi chukua bogenvilia," akasema.

Nikamwambia ina miiba. Akacheka. "Mwiba unaonekana, kijana. Mtoto akichomwa mara moja, harudi. Sumu haionekani."

Akanieleza kwamba bogenvilia inapenda jua kali na haipendi kubembelezwa. Ukiinywesha sana inatoa majani matupu. Unaacha udongo ukauke juu ndipo unamwagilia, na ikibanwa kidogo mizizi ndiyo inachanua zaidi. Ndoo nitoboe chini kwa msumari wa moto, niweke kokoto, kisha udongo, mchanga na samadi iliyooza. Kwao Amerika ya Kusini. Jina ni la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake uliikuta Brazil mwaka 1767. Halafu akanifungulia siri: ile rangi ya zambarau si ua. Ni majani. Ua lenyewe ni kale kadude keupe kadogo katikati.

Nikalipa shilingi 5,000, nikapanda daladala na kiriba changu. Konda akapaza sauti: "Mpisheni huyu, anakwenda kuomba msamaha!" Gari zima likacheka. Sikumjibu, maana hakukosea sana.

Nyumbani tukapanda na dada. Mama akaletewa kigoda karibu. Akanusa. Halina harufu. Akashika kale karangi kwa vidole viwili, akakaangalia muda mrefu.

"Hili si ua," akasema. "Ni jani limevaa nguo ya sikukuu."

Mama yangu aliishia darasa la nne, mpenzi msomaji, na hakuna aliyemwambia.

Nilidhani kalikataa. Lakini Jumatatu alfajiri nikasikia kitu kinakwaruza sakafu. Kutoka nje, nikamkuta kashika mlango kwa mkono mmoja, anaisukuma ndoo kwa mguu mzima, kidogo kidogo, kuelekea kona jua linakochelewa kuondoka.

"Mmeliweka vibaya," akanigombeza. "Kulea hamjui."

Begi bado liko nyuma ya mlango. Sijalifungua na sitaliuliza. Ila jana nilichungulia: kanga moja imetolewa, imetandikwa juu ya kigoda.