Ng'ombe walipowapisha vifaru

Wachungaji wa zamani wa Lewa Downs, chini ya Mlima Kenya upande wa kaskazini, wanaikumbuka ranchi hiyo kwa harufu ya josho. Ardhi ile ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja wa walowezi tangu 1922, na kazi yake ilikuwa nyama. Mchungaji alihesabu ng'ombe asubuhi, akawahesabu tena jioni, na katikati ya hesabu hizo mbili alikuwa na adui wengi: simba, fisi, kupe, na pundamilia waliomaliza nyasi kabla ya ng'ombe kufika.

Kifaru hakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Tena alikuwa akiisha. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini jangili hasomi gazeti la serikali.

Ndipo akaja Anna Merz. Mama huyu Mwingereza, aliyekuwa ameishi Ghana miaka mingi, alitafuta mahali pa kuwaficha vifaru waliobaki. David Craig, mwenye ranchi, akakubali kumtengea ekari 5,000, na mwaka 1983 hifadhi ya Ngare Sergoi ikaanza. Uzio wa umeme ukajengwa, na vifaru waliokuwa wakitangatanga peke yao kaskazini wakakamatwa na kuletwa. Wenyeji waliona ajabu: mzungu anazungushia mnyama mkali uzio, halafu anaajiri watu wa kumfuata mchana kutwa ili asiuawe! Ajabu ikazidi mtoto wa kifaru aitwaye Samia alipokataliwa na mama yake, Merz akamlea kwa chupa nyumbani kwake.

Mwaka 1988 hifadhi ikaongezwa hadi ekari 10,000. Mwaka 1995 ranchi nzima ikageuzwa kuwa Hifadhi ya Wanyamapori ya Lewa. Kazi zikabadilika pia. Kijana ambaye baba yake alisoma nyayo za ndama aliyepotea, sasa akasoma nyayo za kifaru na za mtu asiyetakiwa kuwapo. Ujuzi ni uleule. Kilichobadilika ni redio begani na wakati mwingine bunduki.

Isidhaniwe kwamba uzio ulimaliza kazi. Kifaru hutosheka na eneo lake, lakini ndovu anataka mlima wakati wa kiangazi na tambarare mvua ikinyesha, na kati yake na mlima kulikuwa na mashamba ya ngano na barabara kuu ya Nanyuki hadi Meru. Zamani alipita kwa kuvunja ua na kukanyaga mazao, mkulima akabaki analia. Suluhisho lilikuwa ushoroba wenye njia ya chini ya barabara, na mwanzoni mwa 2011 dume aliyepewa jina la Tony akapita humo wa kwanza, magari yakipita juu yake. Wengine wakamfuata. Miaka miwili baadaye UNESCO ikaiunganisha Lewa na eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya.

Mwaka 2014 uzio uliotenganisha Lewa na jirani yake Borana ukaondolewa, vifaru wakapata nafasi ya kutawanyika. Leo hifadhi hizo mbili zina zaidi ya vifaru 200, weusi na weupe, na Kenya nzima imevuka vifaru weusi 1,000.

Swali la ardhi, hata hivyo, halikuondoka na ng'ombe. Ekari hizi zilikuwa malisho ya wafugaji kabla ya 1922, na mfugaji wa Isiolo anayeona nyasi ng'ambo ya ua wakati wa ukame ana haki ya kuuliza. Mipango ya kuwaruhusu majirani kulisha mifugo ndani kwa zamu ipo, na inastahili kupanuliwa. Sehemu kubwa ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za taifa, kwenye ardhi za watu, na watu hao ndio watakaoamua kama wanyama hao watabaki.