Theluji Ina Huruma

Nilikulia Marangu, ambako ukitoka alfajiri kukata majani ya ng'ombe unaiona theluji ya Kibo ikimeremeta juu. Majani yalikuwa ya ng'ombe, theluji ilikuwa ya Mungu, na hakuna aliyefikiria kuserereka juu ya kimojawapo. Nilipohamia kusini mwa Ujerumani na binti yangu akajiunga na klabu ya skii, nilidhani nimekwisha kuona maajabu yote. Kumbe kiangazi, theluji ikishayeyuka, watoto wale wale hurudi kwenye mteremko ule ule wakaserereka juu ya majani!

Skii za majani ni fupi, na chini yake una mkanda unaozunguka kwenye vigurudumu, mfano wa minyororo ya tingatinga. Mchezo huu ulianza Ulaya miaka ya 1960 ili wachezaji wa skii za theluji wasikae bure kiangazi. Kufikia 1979 ulikuwa na mashindano yake ya dunia, huko Bryce, jimbo la Virginia, Marekani.

Kwenye theluji, mtu akishikwa na hofu huzigeuza skii zake ubavu, zikakwaruza, akasimama. Mkanda wa skii za majani hauendi ubavu. Ukitaka kupunguza mwendo huna budi kuendelea kukata kona mpaka uelekee juu mlimani. Kocha alisema hiyo ndiyo faida yake. Mimi niliona ni gari lisilo na breki.

Julai moja binti yangu alishikwa na hofu katikati ya mteremko, akazigeuza kama za theluji. Skii zilikwama, yeye akaendelea. Alichubuka kuanzia kiwiko hadi bega, na usiku ule nilimtoa udongo kwenye kidonda chembe moja moja, huku mama yake amesimama mlangoni bila kusema neno. Nilimwambia basi, harudi tena.

"Baba," akasema, "kosa hili nilikuwa nalifanya hata kwenye theluji. Ila theluji ilikuwa inanifichia."

Alikuwa na miaka 14. Sikuwa na jibu, nami si mtu wa kukosa jibu. Kidonda kilipopona nilimrudisha, na ili nisiwe mwoga wa kutazama tu, nikaazima skii nikajaribu chini kabisa, pale hata mbuzi haoni mteremko. Nilikwenda kama mita kumi. Majani, ambayo utotoni nilidhani ni laini, yaliniachia alama gotini ninayo hadi leo.

Januari iliyofuata nilisimama kando ya njia ya mashindano, theluji imekuwa barafu tupu. Watoto waliomtangulia nilisikia wakikwaruza kila kona. Alipopita yeye nilisikia upepo tu. Alikuwa wa nne.

Mama yake huja kumtazama wakati wa theluji. Julai hubaki nyumbani, na dawa ya vidonda huiweka mezani kabla hatujaondoka.