Hasara ya Anayesamehe

Nyumbani kwetu Bukoba, Ijumaa Kuu haikuisha bila mabishano. Babu alikuwa mlokole wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, na kwake mambo yalikuwa wazi: pasipo damu hakuna msamaha, kasome Waebrania 9. Baba mdogo, mwalimu wa sekondari, alimjibu kwa Luka 15. "Baba, yule mzee wa mwana mpotevu alidai damu ya nani kabla ya kumkumbatia mtoto wake?"

Mimi nilikuwa upande wa baba mdogo, na chuo cha theolojia kikaniongezea hoja. Anselm wa Canterbury, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1098, aliona dhambi ni kumnyima Mungu heshima yake, deni ambalo binadamu hana uwezo wa kulilipa. Calvin, karne ya 16, akaipeleka hoja hiyo mahakamani, kwenye hakimu na adhabu. Swali langu likabaki palepale: aliyekwisha kulipwa, amesamehe nini?

Kisha ikaja habari ya jirani yetu. Alikopa fedha kwa baba akaahidi kulipa kwa kahawa yake iliyokuwa bado mtini. Mavuno yalipofika akaiuza kwingine. Mkataba ulikuwa ukurasa wa daftari la shule, wenye alama ya dole gumba kwa wino wa buluu. Baba aliuchana mbele yake, akamkaribisha chakula. Mwaka ule mabati hayakununuliwa, na mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Deni lilikuwa limehama kwa jirani, likaja kwetu.

Niliporudia Mathayo 18 nikamwona mfalme kwa namna nyingine. Talanta 10,000 alizosamehe zilikuwa zake, na hasara ikawa yake. Tangu hapo siamini katika Mungu anayetuliza hasira kwa damu ya mwingine. Paulo anasema Mungu mwenyewe alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu naye. Basi aliyekosewa ndiye aliyebeba gharama. Damu ya babu ina maana, na huruma ya baba mdogo haikuwa ya bure.

Nilimweleza babu. Akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, huyo jirani aliungama?" Nikasema aliungama, ila baada ya mkataba kuchanwa. "Toba hutangulia," akasema. Hapo tukaanza mabishano mapya, na hayo hatukuyamaliza.